Aliyepanda Remorke ya Bobi

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu zote. Lutuku, ile pombe yetu kali, niliiacha tangu mke wangu alipofariki. Wala usidhani ilikuwa usiku wa manane, saa ambazo mtu huona kichaka akasema ameona mtu. Jua lilikuwa bado linaonekana na watu walikuwa bado wanapita barabarani na makala yao, makaa ya kupikia. Basi nisikilize.

Mimi nakaa Kampemba, hapa Lubumbashi, kwenye nyumba aliyoniachia baba yangu aliyefanya kazi ya reli. Watoto wangu wako Kolwezi, wananipigia simu wakikumbuka. Nina shamba dogo kule Annexe, mji unapoishia, nalima lengalenga, vitunguu na kabichi. Na aliyekuwa analilinda ni mbwa wangu, Bobi, mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Usiniambie mbwa ni mbwa tu. Nilipobaki peke yangu, ni Bobi aliyekuwa analala mlangoni kwangu, na jioni ni yeye niliyekuwa namweleza habari za siku nzima. Wezi wa kabichi walimfahamu kwa meno yake. Hakumpenda mtu yeyote duniani isipokuwa mimi, na nasema ukweli, jambo hilo lilinifurahisha sana.

Siku moja gari likamgonga. Hakufa, ila miguu yake ya nyuma ndiyo iliyokufa. Akawa anajiburuta. Watu wakanipa mashauri yao, unajua watu walivyo: mchome sindano alale, kamtupe porini. Jirani mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anajua mahali wanapokula mbwa. Nilimfukuza na mwiko wa bukari, ugali wetu, mkononi.

Lakini ningefanyaje? Nikimwacha nyumbani mchana, watoto wa mtaa wanamtupia mawe. Nikimwacha shambani, wale wezi aliowauma wangepata nafasi ya kulipiza. Ilibidi aende nami asubuhi na kurudi nami jioni. Nilijaribu kikapu nyuma ya baiskeli. Mbwa mkubwa vile! Kila akigeuka kumwangalia mpita njia, baiskeli nayo inageuka. Tulianguka sokoni, katikati ya mafungu ya nyanya ya mama mmoja, na maneno aliyonitolea yule mama siyarudii hapa.

Ndipo nikaenda kwa Amuri.

Amuri ni fundi wa kulehemu vyuma. Wazazi wake ni watu wa Maniema, watu wa msikiti, na sisi ni Wakatoliki, lakini tulikua kwenye avenu moja. Mama yake alinilisha. Mke wangu alipokufa, Amuri aliweka bega lake chini ya jeneza mpaka makaburini, hakukubali mtu ampokee. Kama siku ile ungeniuliza ndugu yangu ni nani, ningekutajia Amuri kabla hujamaliza swali.

Nikamweleza habari ya Bobi. Akaangalia chini. Kisha akasema, "Iko remorke kule nyuma. Kamata, ndugu yangu. Ya bure."

Remorke ndilo tela la baiskeli. Hiyo yake ilikuwa nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai, imesukumwa mpaka ukutani. Tulipoifunua nikashangaa. Magurudumu mawili mazuri, mbao chini, na pete za chuma pande zote mbili za kufungia kamba. Lakini ilikuwa ndefu! Sijawahi kuona remorke ya magunia yenye urefu ule.

"Hii ulikuwa unabeba nini?" nikamuuliza.

"Bintu ya kazi. Mabati. Tutaikata."

Na kweli aliikata papo hapo, kabla sijamaliza kupima. Mimi nilikuwa nimewaza kila kitu usiku kucha, na nilimpa maelekezo kama mhandisi. Ekseli tuliisogeza ili uzito wa mbwa ukae juu ya magurudumu, usiinue baiskeli nyuma. Mkono wa kuvutia tuliushusha mpaka kwenye kitovu cha gurudumu, kwa sababu ukiufunga chini ya kiti, mbwa akijigeuza kidogo tu anakutingisha wewe. Tulitia pini ya chuma, na juu yake kamba ya mpira wa tairi kama ulinzi. Sakafu tuliitundika kwenye mikanda ya mpira ili mashimo ya barabara yasimpige miguu yake. Nyuma tukaweka kilango kinachoshuka chini kiwe daraja la kupandia. Mkanda wa gari bovu nikaushona uwe wa kumfunga kifuani, siyo shingoni, maana mbwa aliyefungwa shingoni akiruka anajinyonga. Juu nikaweka gunia lililojazwa majani ya mahindi. Ilipendeza, niamini.

Lakini kuna jambo. Amuri hakuigusa ile remorke kwa mkono mtupu hata mara moja. Alivaa glovu, na kila alipomaliza kipande alikwenda kunawa kwa sabuni mpaka viwiko. Mbao za zamani alizimwagia mafuta akazichoma palepale, nilipoziomba niende nazo za kupikia akakataa. Mimi nikacheka. Najua kwao mate ya mbwa ni jambo la kunawa, na ninaliheshimu.

"Baba Zaituni," nikamwambia, "Bobi hata bado hajapanda, weye unaanza kunawa?"

Akatabasamu kidogo. Mke wake, Mama Zaituni, alitokea mlangoni, akaona remorke inapita getini, akarudi ndani bila kunisalimu. Nikasema moyoni, naye ni mambo ya mbwa. Hata niliona haya, nikajiona ninamsumbua rafiki na imani yake.

Basi safari zikaanza. Bobi hakuitaka. Ilibidi nimbebe nimweke, na nilipomweka alijibana upande wa kushoto, akaacha nusu nzima ya sakafu wazi. Mimi nilimtengenezea nafasi ajinyooshe! Nikamvuta katikati, akajirudisha kushoto. Na jioni, tukitoka Annexe, kuna kichuguu kikubwa pale nyumba za mwisho zinapoanza, kirefu kuliko nyumba yangu. Kila tukikipita, remorke inakuwa nzito. Nashuka, napima upepo wa matairi, nazungusha magurudumu, kila kitu kizima. Na Bobi anaangalia ile nafasi tupu kando yake, anatikisa mkia. Bobi! Aliyemnyima mkia hata padri wetu!

Nikamwambia Amuri habari ya uzito. "Ni rulema tu," akasema, akazitia beringi grisi. Halafu akauliza, "Na imbwa, inabweka?"

"Hapana. Inanyamaza tu."

Niliona uso wake umebadilika. Nikadhani anamhurumia Bobi.

Sasa sikia siku yenyewe. Ilikuwa kiangazi, baridi ya mwezi wa sita, watu wamechoma majani porini na moshi umelala juu ya barabara. Jua linashuka lakini liko. Pale kwenye kichuguu alisimama mzee. Amevaa koti jeusi na tai. Alikuwa amefungwa kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, nikasema maskini, jino linamsumbua. Miguuni hakuwa na viatu, alikuwa na soksi tu, nyeupe. Na zilikuwa safi. Hebu niambie wewe, umewahi kuona soksi nyeupe ikabaki safi kwenye vumbi la Annexe? Mimi niliona, lakini akili ya mtu huchelewa.

Akainua mkono. Nikasimama, kwani utampitaje mzee? Bobi hakubweka.

"Njo sasa munafika," akasema, yaani ndiyo kwanza tunafika. Alisema bila kufungua meno, kwa sababu ya kile kitambaa. "Nilingojaka sana."

"Baba, unangoja nani?"

Alikuwa anaizunguka remorke, anapitisha kiganja kwenye chuma pale tulipokata.

"Juu ya nini banaikata?" akauliza, yaani kwa nini imekatwa. "Miguu yangu nitaiweka wapi sasa?"

Nilisikia baridi mgongoni, siyo ile ya mwezi wa sita. Nikasema, "Baba, hii ni remorke ya imbwa yangu."

"Ni yangu. Amuri aliniambiaka mu sikio: baba, lala, tunakupeleka kwenu ku Lukafu. Nikalala. Mvua ikanyesha, nikasikia banachimba. Nikasema pengine tunafika. Lakini hakuna muntu aliniambia kama tunafika. Na hapa siyo kwetu."

Aliyasema bila hasira. Ningependa angekasirika. Aliyasema kama mtoto aliyesahauliwa shuleni.

Kisha akapanda. Hakushusha kilango, hakushika popote, niliona tu amekaa kulia mwa Bobi, pale pale palipokuwa panaachwa, magoti yamekunjwa mpaka kidevuni kwa sababu ya ule ufupi. Remorke ikashuka kama ilivyokuwa inashuka kila jioni. Na Bobi, mbwa aliyeng'ata nusu ya Annexe, akaweka kichwa chake juu ya goti la yule mzee.

"Twende," mzee akasema.

"Miye naenda Kampemba, baba."

"Kampemba siyo kwetu."

Ningefanya nini? Nikimbie nimwache mbwa wangu? Nilipanda baiskeli. Niliwaza, nikifika penye watu na taa atashuka mwenyewe. Nikakanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, na baiskeli ikaruka mbele, nyepesi kabisa, nusura nianguke. Nikageuka. Ile pini niliyoitia kwa mkono wangu ilikuwa imelala barabarani. Kamba ya mpira haikukatika, ilikuwa imefunguliwa fundo taratibu. Na remorke ilikuwa inageuka, pole pole, yenyewe, kuelekea njia ya Lukafu. Mzee simwoni tena. Namwona Bobi peke yake, amekaa wima upande wake wa kushoto, anakwenda.

Nikaita, "Bobi!"

Mbwa huyu alikuwa akiitambua baiskeli yangu ikiwa bado mwanzo wa avenu. Aligeuza sikio, lile lililochanika. Sikio tu. Kichwa hakukigeuza.

Niliacha baiskeli nikakimbia. Moshi wa majani ukavuka barabara, sikuona kitu, na ulipopita niliona wauza makala tu wanasukuma baiskeli zao. Nikawauliza. "Remorke gani, papa?" wakasema. "Hakuna remorke inapita hapa."

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Amuri. Alikuwa anakula na watu wake, bukari na sombe ya majani ya muhogo. Akaniona mlangoni na baiskeli tupu. Wewe ukimwona rafiki yako amekuja na jasho, utamuuliza nini? Utamuuliza kuna nini. Amuri aliniuliza, "Inaenda?" Yaani remorke, kama imeshakwenda.

Na usoni mwake niliona furaha. Sikosei, nimemjua mtu huyo maisha yangu yote. Ilikuwa furaha.

Nikamvuta nje uani, na huko akanieleza. Yule mzee alikuwa baba wa mke wake, mkulima wa Lukafu. Aliletwa mjini kwa matibabu akafa, naye alikuwa ameomba akazikwe kwao. Gari halikupatikana, msimu ulikuwa wa mvua. Amuri akatengeneza remorke ndefu, akatoka na binamu zake wakimvuta marehemu kwa baiskeli. Walipovuka Annexe matope yakameza magurudumu. Wakamzika palepale nyuma ya kichuguu, wakapiga simu Lukafu kwamba barabara imeshindikana.

Sasa, kwa watu wa mzee yule, maiti akiwa njiani huongeleshwa. Anaambiwa, baba, tunavuka mto. Baba, hapa tunapumzika. Safari ikibadilika lazima aambiwe na aombwe msamaha. Mama Zaituni alimsihi mume wake arudi kwenye kichuguu akaseme maneno hayo, hata mawili tu. Amuri akakataa. "Nilisema ni bintu ya bapagani," akaniambia. "Muntu akikufa, anakufa." Tangu hapo, kila jua likishuka, mtu alikuwa anatikisa remorke uani, anaita hodi. Watoto walisikia. Mtoto wake mdogo aliacha kula. Na bado Amuri hakwenda kusema lolote, kwanza kwa kiburi, halafu kwa woga. Tusilaumu msikiti hapa. Nawajua watu wengi wa msikiti ambao wangekwenda.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungeikatala."

"Na juu ya nini miye? Kampemba yote hii, juu ya nini miye?"

Akaangalia chini, vile vile kama siku aliyonipa. "Miye niko na batoto mu nyumba. Weye uko peke yako. Tena nilisema imbwa itamufukuza. Imbwa inaonaka."

"Sikukuwa peke yangu. Nilikuwa na Bobi."

"Ndugu yangu," akasema, na akaniwekea begani mkono wa bega lile lile lililobeba jeneza, "imbwa ni imbwa. Nitakutafutia ingine."

Unajua nilichokielewa pale? Kwamba ndugu yangu alikaa akafikiri, akatafuta mtu ambaye akipatwa na jambo hapatakuwa na kilio kikubwa, na akanipata mimi. Yale maji na sabuni hayakuwa kwa ajili ya mbwa. Alikuwa ananiona nacheka, ananiona nampimia Bobi gunia la kulalia, na ananyamaza. Niliumia kuliko siku niliyomzika mke wangu, kwa sababu siku ile angalau nilikuwa na wa kunishika. Nilitoa mkono wake begani, nikaondoka bila kuaga.

Baada ya siku kadhaa nilitafuta lori nikaenda Lukafu. Nyumba ya mzee haikuwa ngumu kuipata. Mjane wake akanipokea vizuri, akanipa kiti. Remorke ilikuwa uani. Magurudumu yake yalikuwa yamejaa matope, matope mabichi, na kiangazi kilikuwa kimekausha mpaka visima.

"Tuliiona asubuhi tu," mama akaniambia. "Hatukuona mwenye alileta. Imbwa njo ilikuwa ndani, inafungwa mukanda. Tangu ile siku tunalala muzuri, baba. Muzee anaacha kutujia mu ndoto."

Bobi alikuwa amelala kwenye kizingiti. Nikamwita, nikamwita tena. Akasimama. Nisikilize vizuri: akasimama kwa miguu minne. Akaja kwangu anatembea, wala hachechemei. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, mikono wazi. Akaninusa kiganja. Akaninusa suruali, kiatu, akarudi kwenye kiganja, vile anavyomnusa mgeni ili ajue kama ni wa kuuma au wa kuacha. Akaniacha. Akarudi kwenye kizingiti akalala, uso ameuelekeza ndani ya nyumba.

"Unamujua hii imbwa, baba?" mama akaniuliza.

Miguu ile niliichua kwa mafuta ya mawese kila jioni. Ningeweza kusema. Nilimwangalia Bobi amelala, nikaangalia wale watu waliokuwa wanalala vizuri.

"Hapana, mama," nikasema. "Ninafananisha tu."

Nimerudi Kampemba na baiskeli yangu, na sasa kabichi zangu zinaibwa kama za watu wengine. Amuri analala usingizi wake, watoto wake wamenenepa. Siku ya Idi alinitumia sahani ya wali na nyama kama miaka yote. Niliirudisha imejaa, na kitambaa chake juu. Tukikutana barabarani anasema "Ndugu yangu", nami napita. Wengine wananiambia nisamehe. Padri ameniambia. Wao kwanza wanuswe mikono na mbwa wao kama wageni, ndiyo tuongee habari za msamaha.

Wewe unayenisikiliza, ukipewa kitanda, mkokoteni, gari, chochote kilichotumika, usifurahie ubure wake. Uliza aliyebebwa humo mwisho ni nani, na uulize mbele ya mke wa anayekupa. Na kama kuna marehemu uliyemwahidi jambo ukashindwa, inuka leo, kabla jua halijashuka, ukamwambie kwa mdomo wako kwamba umeshindwa. Usipomwambia wewe, atasimama barabarani akamuulize mtu mwingine, na huyo mtu hatakuwa na jibu, na atakuwa na mbwa mmoja tu.